Bonde Halimngoji Mtu

Masika yalikuwa yamekata. Maji ya bonde la Rwamigono yalianza kurudi mtoni kidogo kidogo, yakiacha udongo mweusi ambao wakulima wa vilima vile, upande wa Lukole, waliumezea mate mwaka mzima. Juu kilimani majani ya migomba yalishaanza kukauka kingoni, na kule chini ndiko kulikobaki unyevu. Kila mwenye jembe alikuwa akilinoa, na asiye nalo alikuwa akiazima. Juvenali peke yake ndiye aliyekuwa akitembea tu.

Alitembea kweli kweli. Alikunywa uji amesimama, akaenda hadi ukingo wa kilima, akalitazama bonde, akarudi, akakaa, akainuka, akaenda tena. Mkewe, Anneth, alishazoea kumwona akihangaika uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Asiyemjua angedhani ana mgonjwa ndani. Hakuwa na mgonjwa. Alikuwa na mpango, na mpango usiotendwa humwasha mtu kuliko upupu.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, tusimwonee. Kwa miaka mingi, kila kiangazi, Juvenali aliondoka nyumbani kwenda Nyakanazi kupakia na kupakua magunia ya malori, akarudi mvua zikinyesha. Mwaka uliotangulia aliporudi, bintiye mdogo, Kaneza, alimkuta mlangoni, akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo," kisha akakimbilia jikoni na kusema, "Mama, kuna mgeni." Anneth alicheka. Juvenali hakucheka, neno lile lilimchoma moyo na halikutoka. Akala yamini kwamba kiangazi kijacho haondoki. Angelima kabichi na vitunguu katika kipande cha bondeni alichokuwa akilima marehemu mama yake, na angelala kwake kila siku hadi mvua zirudi.

Lakini Rwamigono ina desturi yake. Kule hakuna anayesema hiki ni changu kwa kuwa kilikuwa cha mama. Kipande ni cha aliyekivunja kwa jembe msimu huo, awe mwanamume au mwanamke, na mvua zikirudi bonde huwa la wote tena. Mwanzoni mwa kiangazi huwekwa siku moja, na siku hiyo mwenyekiti wa bonde, Mzee Ndikuriyo, hupita na kamati yake tangu kichwani mwa bonde hadi mkiani. Kipande wanachokikuta na nyasi hupewa yeyote anayekiomba. Mwaka ule mwenye kukitamani kile cha Juvenali alikuwa jirani yao Shibuda, na wala hakuficha.

"Bwana Shamba," alimwambia Juvenali njiani, "nyasi za kule kwako sasa zinaweza kuficha ndama. Mzee akipita, mimi nakiomba."

"Subiri uone," Juvenali alijibu. "Mimi sitamwagilia kwa ndoo kama ninyi. Natafuta pampu."

Jina la Bwana Shamba alilipata kwa sababu ya maneno yake. Alikuwa ametazama kwenye simu kila aina ya kilimo cha umwagiliaji, na akianza kueleza habari za mipira ya maji na nafasi ya mche hadi mche, watu walisimama wakamsikiliza. Kisha walimshukuru, wakachukua ndoo zao, wakateremka bondeni kufanya aliyowaambia. Yeye alibaki juu akiwatazama, miguu ikimwasha.

"Baba Kaneza," Anneth alimwambia asubuhi moja, "tuanze na majembe. Pampu itatukuta huko huko."

"Majembe gani, mama? Hili mpini umepinda, litanichubua mikono. Lile jingine zito, litanimaliza mgongo kabla ya saa nne. Na kiselema kile kimelika mpaka kimebaki kama kijiko."

"Hata kijiko kinachota."

"Kazi ya leo haitaki haraka, inataka vifaa," alisema Juvenali, na kabla mkewe hajajibu alikuwa ameshatoka nje, akaruka vitalu viwili vya miche nyuma ya bafu bila kuuliza vimetoka wapi, akashika njia ya mjini.

Tangu siku hiyo akawa kiguu na njia. Ngara mjini alipanda na kushuka kile kilima cha maduka hata vijana wa bodaboda wakaacha kumwuliza anakwenda wapi. Pampu ya kwanza aliona inakunywa mafuta. Ya pili ilikuwa nzito. Ya tatu haikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Kila jioni alirudi amechoka kama aliyelima, na kila jioni alimkuta Anneth naye amechoka, akiosha miguu kimya. Hakumwuliza. Kichwa chake kilikuwa kimejaa pampu, hata bonde hakulitazama tena.

Zikiwa zimebaki siku mbili kamati ipite, fundi mmoja alimnong'oneza kwamba Nyakanazi kuna pampu iliyotumika, imara, haina mfano. Juvenali akapanda basi. Anneth alimtazama akiondoka, akafungua kinywa, akakifunga.

Pampu ilikuwepo, na ilivuta maji kama ilivyosifiwa. Ila ilikohoa kidogo ilipowashwa, na kile kikohozi hakikumpendeza Juvenali. Akaizunguka, akaizima, akaiwasha tena, akasema atafikiri. Alilala gesti, hakupata usingizi. Asubuhi, siku yenyewe ya kamati kupita, alikuwa amesimama kwenye njia panda akisubiri basi, malori yakinguruma kila upande, mtu akampiga begani kwa nguvu. Alikuwa Pius, msimamizi wa wapakiaji.

"Juvenali! Mwaka huu umewahi! Nafasi yako ipo, ndugu yangu, njoo uvue shati."

Juvenali alitazama magunia, akaitazama miguu yake yenye vumbi. Miguu ile ile iliyozunguka wilaya nzima ikikimbia Nyakanazi ndiyo iliyomleta Nyakanazi, tena kwa nauli yake mwenyewe. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani kufunika uso mbele za watu.

"Sikuja kwa hiyo," alisema kwa shida, akatoa simu akampigia mkewe. "Mama Kaneza, Mzee ameshapita?"

"Ndiyo kwanza wanaanza kichwani. Nina matope mikononi, tutaongea." Simu ikakatwa.

Basi lilichelewa, na lilipokuja lilikwenda likisimama kila penye mtu na mzigo. Juvenali alikaa akainuka, akakaa akainuka, hata abiria wa kiti cha nyuma akamwambia, "Kaka, hata ukisukuma kiti, gari haliongezi mwendo." Akilini alimwona Shibuda akiingia na ndoo zake katika shamba la mama yake. Alijiona mwenyewe amerudi kuvua shati mbele ya Pius. Aliposhuka alichukua bodaboda hadi ukingo wa kilima, akatupa macho chini, na roho ikampasuka. Kipande chake hakikuwa na nyasi hata moja. Kilikuwa cheusi, kimelimwa, kimetiwa matuta, na watu wa kamati walikuwa wamesimama pembeni.

Aliteremka mbio, akaanguka, akainuka. "Shibuda!" alifoka kabla hajafika. "Mwizi mkubwa wewe! Hukuweza kuningoja hata nusu siku?"

Shibuda alikuwa amekaa ukingoni juu ya ndoo aliyoifudikiza, ameshika tama. "Usinitukane bure, Bwana Shamba," alisema. "Hata mimi nimekuta kimeshakwenda."

Ndipo nyuma ya tuta la mwisho akainuka Anneth, amejifunga kibwebwe, matope yamempanda hadi magotini, kiselema mkononi. Wiki zote zile, Juvenali alipopanda kwenda mjini, yeye aliteremka bondeni. Miche ya kabichi kutoka nyuma ya bafu ilikuwa imeshasimama kwenye matuta, imetiwa maji.

Juvenali alipumua kama aliyetua mzigo. Akamgeukia Mzee Ndikuriyo. "Shikamoo, Mzee. Basi mambo ni salama. Kipande chetu kimelimwa."

"Marahaba, mwanangu. Chenu?" Mzee alimtazama, viganja vyake vyororo, viatu vyake vya safari. "Wewe umekivunja siku gani?"

Juvenali alivificha viganja nyuma.

"Basi ni cha Anneth mpaka mvua zirudi. Ukitaka kulima humu, muombe mwenyewe." Kamati ikaendelea mbele, na Shibuda, kwa hisani yake, akaenda kucheka mbali kidogo.

Walibaki wawili. Juvenali alitaka kueleza habari za ile pampu, macho yakaangukia mikono ya mkewe. Ilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka.

"Mama Kaneza," alisema mwishowe, sauti imeshuka, "naomba kazi kwako."

"Ya nini? Si una pampu za kuchagua?"

"Naomba kazi. Sitaki kuondoka tena."

Anneth alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. "Kule kwenye mfereji hakujalimwa bado," alisema. "Anayelima kwangu huja na jembe mkononi. Sikuambii lipi."

Juvenali alipanda kilima, akaokota jembe la kwanza aliloliona, lile la mpini uliopinda, akarudi. Alianza kulima. Mpini ulimchubua kama alivyotabiri, na mgongo ukamuuma kabla jua halijafika magharibi. Alifungua kinywa kulalamika, akaona mkewe anamtazama, akakifunga. Simu ilipoita alikuwa katikati ya mfereji, maji yamemfika kifundoni.

"Nimpe mwingine nafasi yako?" aliuliza Pius. "Lori limeshaingia."

Juvenali aliitazama ile kazi. Palipobaki palikuwa pakubwa kuliko palipolimwa, mavuno yalikuwa mbali, na hakuna aliyemwahidi kwamba kabichi zile zingestawi.

"Mpe," alisema. "Mimi niko kazini." Akairudisha simu mfukoni, akainua jembe.

Zilistawi. Kiangazi kile Juvenali hakulala nje ya nyumba yake hata siku moja, na kabichi zilipopandishwa kilimani watu walimpongeza Anneth kwanza, yeye baadaye, naye hakuona kinyongo. Pampu za Ngara na Nyakanazi alizijua zote kwa majina, lakini shamba lilivunjwa na mwenye kiselema, kwa maana ndivyo ilivyo tangu zamani: mchagua jembe si mkulima.