Matrekta Mawili ya Mzee Mbonea

"Trekta gani hili, limezeeka kuliko marehemu babu yangu!"

"Limezeeka, lakini ni chuma! Na sikodishi, binti. Nunua, au kalime kwa mkono."

Nakijwa aliyatazama mawingu. Mvua ilikaribia, na kishamba chake kilikuwa bado kichaka.

"Hili jekundu ni rangi tu," alimwambia Mzee Mbonea, tajiri mwenye matrekta mawili. "Halivuti jembe."

Mzee alipandwa na mori. Akalipeleka kwenye kishamba cha Nakijwa, akalima nusu nzima.

"Umeona?"

"Mh! La bluu je? Hilo hata kuwaka haliwaki."

Mzee akalima nusu iliyobaki kwa la bluu, jasho likimchuruzika.

Jioni akabisha hodi kwa Nakijwa. "Haya, umechagua lipi?"

"Yote mazuri, mzee wangu," alijibu akiwa mlangoni. "Ila nikinunua, nitalima wapi?"