Kilo za Magesa

Watu wa Shinyanga hawasahau, na kwa Magesa kutosahau kwao kulikuwa mzigo. Miaka minane iliyopita alishinda mbio za baiskeli za kutoka mjini hadi Kishapu. Mzee Harish, mwenye duka la baiskeli na ghala la pamba, akamtuza kwa desturi yake: mshindi hupandishwa kwenye mizani ya pamba mbele ya watu, kisha hupewa mchele wa uzito wake. Mizani ilisoma kilo sitini na saba. Tangu siku hiyo jina lake halisi likasahaulika, akawa Sitini na Saba sokoni, kanisani na hata kwa wakwe zake.

Baada ya ushindi huo Magesa alikwenda Bulyanhulu, kwenye machimbo ya dhahabu, kuendesha bodaboda. Pikipiki haiombi miguu kitu. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa, mchana chipsi mayai, jioni ugali na nyama choma pamoja na wachimbaji waliopata. Mwili ukanawiri. Kwao unene si aibu, ni dalili kwamba nyumbani kunapikwa, kwa hiyo hakuna aliyemsema. Lakini mwenye pikipiki alipoichukua pikipiki yake, Magesa alirudi kwa mkewe Salome na mwanawe Makoye mikono mitupu, umri miaka thelathini na tisa, na kazi aliyowahi kuiweza vizuri ni moja tu.

Bahati ikamwangukia. Sanket, mwana wa Mzee Harish aliyerithi duka, alikuwa akiunda timu ya waendesha baiskeli wa kuajiriwa. Aliagiza baiskeli mpya ya milimani, yenye shokapu mbele na nyuma, kwa ajili ya mbio za Jumapili za njia ya mawe ya Samuye. Kwa heshima ya jina la zamani alimpa Magesa aiendeshe, ila kwa sharti. Akiingia kumi bora, ataajiriwa. Akikosa, baiskeli atapewa mwingine.

Jumatatu asubuhi Magesa alifika dukani kuwekewa baiskeli sawa. Fundi alikuwa Zuwena, binti wa mjini mwenye mikono myepesi na maneno machache.

"Shikamoo, Baba Makoye."

"Marahaba, fundi. Hujambo?"

"Sijambo. Una kilo ngapi siku hizi? Shokapu hizi zinajazwa upepo kwa uzito wa mtu."

Nyuma ya Magesa walikuwa wateja wanne, na wote walikuwa wakimtazama kwa tabasamu la kumfahamu.

"Mji mzima unajua kilo zangu," alijibu.

Wateja wakacheka kwa mapenzi. Zuwena alimtazama tumbo, akainamisha macho kwa adabu, akachukua pampu. Alipomaliza kujaza alisukuma kipete chembamba cha mpira kilichokuwa kwenye shokapu ya nyuma hadi mwanzo wake, akamwomba Magesa apande na kukaa kama atakavyokaa njiani. Shokapu ikizama robo ya mwendo wake au zaidi kidogo, alimweleza, basi upepo unatosha. Ikizama mno, kwenye mawe itagota.

Magesa akapanda. Alihisi baiskeli ikididimia chini yake, na moyo ukadidimia nayo. Basi akanyoosha mkono, akashika nondo za dirisha, akajibeba kidogo.

"Usijishike, baba."

"Sijishiki, nagusa tu nisianguke."

Aliposhuka, kipete kilikuwa kimesimama kwenye robo kamili. Zuwena hakuridhika, lakini angefanya nini? Kumwambia mtu wa rika la baba zake kwamba anadanganya, tena mbele za watu, ni jambo zito. Aliandika namba kwenye daftari lake.

Alhamisi Sanket alimfuata Magesa kwa gari hadi Samuye kumwona akijaribu. Kwenye tambarare mambo yalikuwa mazuri, na Magesa alianza kuimba. Kisha yakaja mawe. Kila jiwe shokapu iliishia mwisho, chuma kikagonga chuma, na tandiko likamrusha juu. Kwenye korongo la tatu baiskeli ilimtupa. Aliinuka kiwiko kikivuja damu na suruali imepasuka, mbele ya wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe.

"Nini hiki?" Sanket aliuliza.

"Baiskeli mbovu," Magesa alisema, akikung'uta vumbi. "Au haikufungwa vizuri."

Hilo la pili lilimtoka kabla hajalipima.

Waliporudi dukani Sanket hakukaa. Alimwita Zuwena hapo hapo uani, uso umekunjamana.

"Zuwena, nilikuamini. Baiskeli ya bei ile, mtu amekaribia kuvunjika shingo. Kuanzia kesho nitamleta fundi kutoka Mwanza. Wewe utarudi kuziba pancha."

Zuwena alifungua daftari, akatazama namba alizoziandika Jumatatu, akalifunga. Alianza kukusanya vifaa vyake kimoja kimoja na kuvipanga kwenye boksi.

Magesa aliona aibu, aibu tofauti na ile ya Jumatatu. Ile ilikuwa ya tumbo lake. Hii ilikuwa ya binti wa watu aliyefanya kazi yake sawasawa na sasa anaadhibiwa. Angeweza kunyamaza. Angelinda jina lake, na kesho fundi wa Mwanza angemwuliza swali lile lile, naye angejibu uongo ule ule.

"Sanket, bwana," alisema. "Mwache. Kosa si lake."

"La nani?"

"Langu. Nilimdanganya kilo. Tena siku ya kupima nilishika dirisha."

Magesa hakusubiri aulizwe zaidi. Alivuka ua kuelekea ghalani, vibarua wa pamba wakimtazama, akavua viatu, akapanda kwenye mizani. Kibarua mmoja alisogea, akasoma kwa sauti kama alivyozoea kusoma marobota.

"Themanini na tisa."

Kicheko kiliruka ghala zima. Magesa alisimama palepale juu ya mizani, jasho likimtiririka, hadi kicheko kilipoisha. Alishangaa kuona kwamba kinaisha.

"Fundi," alimwita Zuwena, "nisamehe, mwanangu. Njoo unifunge upya."

"Yameisha, baba," alisema Zuwena, akachukua pampu.

Safari hii alimpandisha na chupa yake ya maji na kofia yake. Alijaza upepo, akapima, akaongeza, akapima tena. Kisha akakaza kirungu chekundu kilicho ubavuni mwa shokapu ili ikizama irudi taratibu, isimtupe. Sanket alishika baiskeli kwa mikono yake mwenyewe. Kazi ilipokwisha alimwomba Zuwena radhi, na habari ya fundi wa Mwanza haikutajwa tena.

Jumapili Magesa hakushinda. Vijana wembamba walimpita kwenye vilima kama hayupo. Lakini kwenye mawe, walipokuwa wakishuka na kusukuma, yeye alipita ameketi, shokapu zikizama na kuinuka chini yake. Aliingia wa nane, ulimi nje, na Salome alimkumbatia mbele ya umati bila kujali vumbi.

Jioni Zuwena alikuwa akifuta baiskeli uani alipoona kijana aliyemaliza wa thelathini akisogea na baiskeli yake, akitazama huku na huku.

"Dada," alinong'ona, "na mimi nilimwongopea fundi wangu kilo. Unaweza kunipima?"

Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine wawili, viatu mkononi. Zuwena akawafungulia mlango wa ghala. Kweli wahenga walisema, mficha uchi hazai.