Jinsi Mafunjo Yalivyolifunga Bwawa

Sogeeni karibu. Na wewe unayelalamika kwamba njia ya kiboko imekata shamba lako, kaa mbele kabisa.

Siku hizo bwawa hili lilikuwa maji matupu. Mtu alipanda mtumbwi asubuhi, akala mchana ng'ambo, akarudi jua halijazama. Mtemi wetu alikuwa mwanamke, Milembe, na binti yake wa pekee, Holo, aliolewa huko ng'ambo. Kila mwezi mama alivuka kwenda kumwona.

Viboko nao walikuwa wengi, na walikula mtama wetu bila haya. Watu wakamlilia Mtemi, naye kwa kuwahurumia akaamuru viboko wote wafukuzwe kwa ngoma na mikuki. Ndaki, mpiga kasia wake, ndiye pekee aliyeuliza, "Mtemi, wakiondoka hawa, nani atakuwa anayakanyaga mafunjo huko majini?"

"Ndaki, wewe hata kufukuza kuku unaogopa," Mtemi akamjibu, na baraza zima likacheka. Nadhani hata mimi ningecheka.

Miaka miwili maghala yalijaa, Milembe akasifiwa mpaka akachoka. Mwaka wa tatu mafunjo yakatoka kandokando yakaingia majini. Akaamuru yakatwe, yaliyokatwa yakaelea, yakaenda kuziba kulikokuwa wazi. Akaamuru yachomwe, yakachipua mazito zaidi. Kila amri ilizaa amri nyingine. Samaki nao wakapungua, na hakuna aliyejua kwa nini.

Ndipo Holo akatuma neno, nalo lilikuwa la mwisho kupita: "Mama, nina mimba ya miezi saba. Njoo unishike mkono."

Kuzunguka kwa miguu hakukuwezekana, maana tope lilimeza watu. Milembe na Ndaki wakahangaika siku tatu ndani ya mafunjo. Walifika mahali wakasikia majogoo wa ng'ambo wakiwika, lakini mtumbwi haukusogea tena. Mtemi mzima akalia kwa sauti mbele ya mpiga kasia wake. Namwonea huruma mpaka leo.

"Nirudishie viboko wangu, Ndaki."

"Hao hawaitwi, Mtemi. Tuwaachie njia, tungoje."

Akafuta amri zake zote, akalikata shamba lake mwenyewe katikati ili wapite. Mwezi wa pili tangu neno la Holo, asubuhi, moshi mzito wa majani mabichi ukapanda ng'ambo. Milembe akahesabu miezi, akajua ni Holo anamwambia mtoto amezaliwa salama. Akawasha moshi wake kujibu, akakaa hapo mpaka ukaisha. Viboko walirudi baada ya miaka mingi, wachache, wakafungua vijia wanavyovitaka wao, na hakuna hata kimoja kilichofika ng'ambo. Milembe alikufa hajamwona mjukuu wake.

Na tangu siku hiyo hatulimi njia ya kiboko. Na kila mwanamke anayejifungua salama hapa huwashiwa moshi asubuhi, na ng'ambo hujibu. Mimi nimewashiwa mara nne, nikajibiwa mara nne. Ni ndugu zetu wale, watoto wa Holo, na sijui jina la hata mmoja.