Obadia na Klachi Isiyoachia

Ndugu zangu, mnivumilie. Mfano wa leo unatoka gereji, na najua mama zangu hapa mbele watasema mchungaji ametupeleka wapi. Nitausema polepole, tutaelewana.

Kulikuwa na dereva mmoja huko nyanda za juu, tumwite Obadia. Alikuwa na lori lake mwenyewe, lori la siku nyingi, limetembea mpaka ile saa ya kuhesabu kilomita ilikwisha kufa. Alibeba viazi kutoka mashambani kupeleka mjini. Basi lori likaanza kuumwa. Akikanyaga klachi aingize gia, gia inakwaruza, inalia kama mtu anasaga mawe. Gia ya nyuma ndiyo ilikataa kabisa.

Safari moja akapitia kwa fundi wa Makambako. Fundi akawasha injini, akakanyaga klachi mpaka chini, akatulia kidogo, akajaribu gia ya nyuma. Ikalia. Akafungua kikopo cha mafuta ya klachi: kimejaa. Akaingia chini ya gari, akamwambia Obadia akanyage. Akaona kile kifimbo kinachosukuma klachi kinatoka vizuri, wala hakuna panapovuja. Akatoka anajifuta mikono.

"Mzee, huku nje kote kuko salama. Mguu wako unakanyaga, lakini ndani klachi haiachii. Injini na gia vinabaki vimeshikana. Tushushe giaboksi tuone kilichovunjika."

"Nikuachie gari? Na viazi hivi vioze?" Obadia akasema. "Nikirudi nitapitia."

"Haya. Ila usije ukaliwasha likiwa kwenye gia. Hata ukanyage klachi mpaka mwisho, litaruka."

Je, alirudi? Ninyi mnamjua binadamu. Hakurudi. Alijifunza kuishi na ule ugonjwa. Akiwa barabarani alisikiliza mlio wa injini, akachomeka gia bila klachi, wala hukusikia kitu. Akitaka kuondoka mahali alizima injini, akatia gia, akachungulia mbele, akapiga honi watu wasogee, ndipo anawasha. Lori linaruka, linaondoka. Madereva wenzake walimsifu. Walisema Obadia na lori lake wanasikilizana kama mtu na mkewe. Naye akaona raha kusifiwa. Ubovu ukageuka kuwa ufundi wake.

Sasa sikilizeni. Ikafika wiki moja, malaria ikamwangusha Obadia. Lori liko nyumbani limeshapakiwa, limeegeshwa kwenye mteremko wa uani likitazama ukuta wa jiko, lipo kwenye gia ya kwanza, na jiwe mbele ya tairi. Mkewe akamwambia, "Baba Atu, wenye viazi wanasubiri. Tumwite shemeji."

Shemeji huyo ni Nikodemo, mdogo wake Obadia. Udereva alifundishwa na kaka yake huyo huyo. Akaja asubuhi, akaingia chumbani, akasimama karibu na kitanda.

"Pole, kaka. Naondoka nalo. Kuna jambo lolote nilijue kuhusu gari?"

Ndugu zangu, swali lile lilitaka maneno mangapi? "Klachi haiachii." Mtu mwenye homa anaweza kuyasema. Lakini Obadia alimtazama kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, yule aliyemwona kaka yake kuwa dereva kuliko madereva wote, akaona haya. Akajigeuza akatazama ukuta.

"Gari ni zima. Nenda tu."

Nikodemo akapanda. Akaita dirishani, "Shemeji, niondolee jiwe!" Mama yule akaweka chini beseni alilokuwa nalo, akaenda mbele ya lori, akainama. Nikodemo akafanya kama kaka yake alivyomfundisha zamani: akakanyaga klachi mpaka mwisho, akaushikilia mguu pale, akawasha.

Lori likaruka.

Sitawaeleza mliyoyasikia mioyoni mwenu. Majirani walilisukuma lori nyuma kwa mikono. Yule mama alikuwa ameshakata roho pale ukutani. Na Nikodemo alikuwa anazunguka uwanjani anapiga kelele, "Nilikanyaga klachi! Jamani, nilikanyaga mpaka mwisho!" Obadia yuko ndani, amejifunika blanketi, anasikia kila neno. Katika watu wote pale, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba kijana anasema kweli.

Askari wakaja. Wakajaribu breki, zikakamata. Wakamuuliza mwenye gari, "Lilikuwa na hitilafu yoyote?"

"Hapana, afande. Ni zima."

Fundi yule alikuwa mji mwingine, habari hazikumfikia. Nikodemo akawekwa mahabusu. Kijijini wakasema alikuwa amelewa. Wengine wakasema alikuwa na haraka ya kwenda kutamba mjini na lori la mwenzake. Mama yao mzazi akakataa kumpelekea chakula.

Baada ya msiba Obadia akaenda kumwona. Wakakutanishwa, askari amesimama pembeni. Nikodemo alikuwa amekonda, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga sakafu, unaachia, unakanyaga tena. Akapiga magoti pale sakafuni.

"Kaka, nimekuulia mkeo. Sijui nilifanya nini. Kila siku najaribu kukumbuka, naona nilikanyaga, lakini labda sikukanyaga. Nisamehe, kaka."

Na Obadia, mnajua alisema nini? Alimshika bega, machozi yanamtoka, akasema:

"Nimekusamehe, mdogo wangu."

Nikodemo akahukumiwa kifungo. Mama yao akawaambia watu, huyu mwanangu Obadia ana moyo wa ajabu. Kanisani wakamsimamisha mbele, wakasema tazameni mtu aliyesamehe. Watu wakalia, wakamshangilia. Naye akasimama pale, akapokea.

Ndugu zangu, sisi tuna ubovu tulioujua zamani, tukaambiwa na watu waliotupenda kwamba hapa lazima pafunguliwe, nasi tukasema tukirudi. Tumeuzoea, tunaupitia kwa ujanja mpaka watu wanatusifu. Baba anajua hasira yake, anajua aichungulie wapi na aipigie honi lini. Lakini usukani hatuushiki peke yetu, wala hatutaushika milele. Yupo mwenzetu atakayekalia kiti kile akiamini neno letu, na kitu kitaruka mikononi mwake, na yeye ndiye ataamini ana hatia. Wangapi humu ndani wana mtoto, au mke, au ndugu, anayejilaumu mpaka leo kwa jambo ambalo wewe unajua halikuwa lake? Na tena umemwambia umemsamehe?

Leo sitaita mtu aje mbele kuombewa. Usipige magoti hapa ukamnong'oneza Mungu ukaenda nyumbani umepata nafuu. Mungu alijua tangu siku ile.

Asiyejua ni Nikodemo. Nenda kamwambie.