Bei ya Kuuliza

Kuuliza ni bei gani?

Mama mmoja aliuliza hivyo mkutanoni, amesimama, kanga ameifunga kiunoni, na hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti alikuwa ameshashika kalamu. Wajumbe walikuwa wameshasikia harufu ya pilau. Swali likazunguka kichwani mwao kama nzi, likapungwa kwa mkono, mkataba ukasainiwa. Naanzia hapo kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Chama kimoja cha wakulima, huko bondeni karibu na Ziwa Nyasa, kilikuwa na mpunga mwingi na hakikuwa na ghala. Kila mwaka mvua iliwakuta na magunia barazani, panya wanakula kabla ya watoto. Wakasikia habari za tajiri mmoja wa mjini mwenye ghala kubwa, sakafu ya saruji, geti la chuma, makuli wa kutosha. Tajiri akawaambia hawana haja ya kujenga. Wakodi kwake. Wakiwa na magunia kumi watalipia kumi, wakiwa na elfu kumi watalipia elfu kumi. Kuweka gunia moja ni shilingi mia kwa mwezi. Na chini kabisa ya mkataba palikuwa na mstari mwingine: kila mtu wa chama atakapouliza habari za mzigo, makuli wataingia kutafuta, na kila gunia watakaloligusa katika kutafuta ni shilingi kumi.

Shilingi kumi! Siku hizi shilingi kumi haikupi hata njiti ya kiberiti. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka isipokuwa yule mama. Jina lake Tusekile, wengi walimwita Mama Ipyana, mjane, mwenye magunia kumi na manne katika magunia elfu mbili ya chama. Hayo kumi na manne yalikuwa ada ya binti yake katika chuo cha uuguzi. Hakuwa na mengine.

Karani wa chama, Lusajo, mtu mwema lakini mwenye haraka, alipiga hesabu ya mwezi nyuma ya bahasha. Magunia elfu mbili mara shilingi mia, laki mbili. Akaongeza elfu hamsini ya dharura. Akapiga mistari miwili chini ya jumla, kama mtu aliyemaliza kazi. Alikuwa amekadiria mpunga uliolala. Mpunga unaoulizwa hakuukadiria.

Magunia yalipofika ghalani yalipangwa jinsi yalivyoshuka kwenye lori. Jina la mwenyewe lilikuwa ubavuni mwa gunia, ndiyo, lakini la huyu lilikaa chini ya la yule, na la yule nyuma ya la jirani wa kijiji cha tatu. Kwa hiyo ukiuliza habari za magunia yako kumi na manne, makuli waligeuza yote elfu mbili. Swali moja, shilingi elfu ishirini.

Mlinzi wa geti alikuwa na desturi njema. Kabla hajafungua, alimwambia kila aliyeuliza: “Ngoja kwanza nikukadirie tutagusa magunia mangapi. Kukadiria ni bure.” Bure, nasema. Lakini Mwenyekiti wa chama, Mzee Anyosisye, alikuwa mtu mkubwa, na kwetu mtu mkubwa haulizi bei mbele za watu. Anayeuliza bei ni yule ambaye hela zake zinahesabika. Alimjibu mlinzi neno moja: “Fungua.” Na wadogo wakaiga wakubwa, kama kawaida yetu. Hata Tusekile, aliyeuliza bei siku ya mkataba akaonekana mshamba, hakuthubutu kuiuliza mara ya pili.

Kisha Mzee Anyosisye akatoa agizo. Kila siku asubuhi na kila siku jioni, magunia yote yahesabiwe, na jibu liletwe ofisini kwake kwa bodaboda. Alikuwa amesikia kwamba wakubwa hupokea taarifa. Basi makuli wakahesabu asubuhi, yakawa elfu mbili. Wakahesabu jioni, yakawa elfu mbili. Kesho yake elfu mbili. Utadhani mpunga una miguu. Mlinzi aliandika jibu kwenye karatasi, akaikunja, akaibana kwa pini, akaituma.

Tusekile naye aliuliza. Mwaka wa nyuma mpunga wake uliota ukungu akauza kwa bei ya chakula cha kuku, kwa hiyo kila mvua iliponyesha alituma swali: yangu kumi na manne yangali makavu? Aliuliza mara sita mwezi ule. Swali la tatu ndilo lililogundua bati linalovuja. Magunia yake mawili yalikuwa yameanza kulowa, na pembeni yake magunia arobaini ya watu wengine yalikuwa njiani kulowa. Makuli wakayahamisha, bati likazibwa. Hakuna aliyemshukuru. Aliyeokolewa asijue alikuwa hatarini hashukuru.

Mwezi ukaisha. Ankara ikaja: milioni moja na laki saba.

Mkutano ukaitwa. Safari hii hapakuwa na pilau. Mzee Anyosisye alisoma jumla, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akasema chama kimeingia hasara kwa sababu ya watu wanaouliza-uliza. Akasema kuanzia leo mwanachama wa kawaida haulizi, ofisi ndiyo itakayomuulizia. Na kwa kuwa fungu la chama lina laki mbili na nusu tu, pengo la milioni moja na laki nne na nusu lazima lizibwe, na haki ni kwamba alizibe aliyelichimba. Mlinzi amethibitisha, akasema, kwamba katika wanachama wote aliyeuliza kuliko wote ni Mama Ipyana. Magunia yake kumi na manne yauzwe. Yangeleta kama milioni moja na laki nne hivi. Kilichopungua ofisi ingemsamehe.

Ingemsamehe! Hebu lisikilizeni neno hilo.

Watu waliinamisha macho. Wapo waliofurahi kimoyomoyo, kwa sababu wao waliuliza mara moja moja, na hasira ilikuwa imepata mlango wa mtu mwingine. Jirani yake mmoja alimnong'oneza, “Mama Ipyana, omba radhi tu, watakuachia hata manne.” Hesabu ilikuwa rahisi kwa kila mtu pale: magunia manne ni muhula mmoja, na mtu haendi kutibu wagonjwa na muhula mmoja.

Tusekile hakuomba radhi. Alisema, “Karani, isome ankara yote.”

“Jumla inatosha,” Mwenyekiti akajibu.

“Inakutosha wewe. Mpunga unaouzwa ni wangu.”

Nyuma mtu akapaza sauti, “Aisome! Kwani iko uchi hata ifichwe?” Watu wakacheka. Na kicheko, jamani, ni mlango. Kikishafunguka si rahisi kukifunga. Mzee Anyosisye akaitoa karatasi mfukoni akampa Lusajo, kwa namna ya mtu anayempa mwenziwe kaa la moto.

Lusajo akasoma. Tarehe mosi, asubuhi, Mwenyekiti, magunia elfu mbili. Tarehe mosi, jioni, Mwenyekiti, magunia elfu mbili. Tarehe mbili, asubuhi, Mwenyekiti, magunia elfu mbili. Tarehe mbili, jioni, Mwenyekiti. Kufika tarehe nne watu walikuwa wanaitikia pamoja naye, “Mwenyekitiii!”, kama watoto wa darasa la kwanza. Kufika tarehe kumi walikuwa wameacha kuitikia. Kufika tarehe ishirini hapakuwa na aliyetabasamu. Jina la Tusekile lilikuja mara sita, majina ya wengine wote yakaja mara tisa. Jina la Mwenyekiti lilikuja mara sitini. Katika ile milioni moja na laki saba, mpunga uliolala ulikuwa laki mbili, mjane alikuwa laki moja na elfu ishirini, wengine wote laki moja na elfu themanini. Mwenyekiti peke yake alikuwa milioni moja na laki mbili.

Mzee Anyosisye hakuyumba. “Mimi niliuliza kwa niaba ya chama,” alisema. “Kiongozi lazima ajue.”

Sasa, katika chama kile wanawake walikuwa na zamu ya kufagia ofisi kila Jumamosi. Wanaume hawakuwa na zamu ya kufagia chochote. Na anayefagia chini ya meza ya mkubwa huona yaliyo chini ya meza ya mkubwa. Tusekile aliingia ofisini, mkutano mzima ukimtazama, akatoka na boksi la sabuni. Akalimwaga katikati ya watu. Karatasi sitini, zimekunjwa vizuri, kila moja na pini yake, pini hazijaguswa. Nyingine zilikuwa zimeshaanza kuliwa na mende.

Akasema: “Niliuliza mara sita nikasoma majibu sita, na moja liliokoa mpunga wenu. Mwenyekiti, katika haya sitini, tuoneshe moja tu ulilolifungua.”



Sitawaambia kwamba Mwenyekiti alilia, wala kwamba aliomba msamaha, wala kwamba alivuliwa uongozi siku ile. Hakufanya hayo, na hakuvuliwa. Alisema hesabu ni hesabu, tajiri lazima alipwe, na katika hilo alisema kweli. Pengo liligawanywa kwa kila gunia, shilingi mia saba ishirini na tano, na Tusekile alilipa yake kumi na manne kama kila mtu. Lakini magunia yake hayakuuzwa. Na agizo la asubuhi na jioni lilifutwa kwa mikono iliyonyooshwa, ule wa jirani aliyenong'ona ukiwa wa kwanza.

Halafu wakafanya mambo ambayo wangepaswa kuyafanya siku ya pilau. Wakawalipa makuli elfu ishirini wayageuze magunia yote kwa mara ya mwisho, wakayapanga kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba, chaki ukutani. Wakakubaliana kwamba swali lolote litakalogusa zaidi ya magunia mia lipite kwanza kwa karani, hata likiwa la Mwenyekiti. Jibu la idadi ya yote wakaliandika mara moja kwenye ubao wa geti, na gunia likitoka linapunguzwa hapo hapo. Anayetaka kujua na asome ubao. Lakini kubwa kuliko yote, mtu akifika getini alimwambia mlinzi, kwa sauti, bila aibu: “Nikadirie kwanza.”

Mwezi wa pili waliuliza maswali hamsini na sita. Hamsini na sita! Wale waliokuwa wanaogopa nao waliuliza. Kwa kuwa kila swali liligusa magunia kama hamsini tu, yote kwa pamoja yaligharimu elfu ishirini na nane. Ankara nzima, pamoja na ile elfu ishirini ya kupanga upya, ilikuwa laki mbili na elfu arobaini na nane, na ile bahasha ya Lusajo, kwa mara ya kwanza, ikasema kweli. Binti wa Tusekile yuko mwaka wa pili.

Najua mmeshaelewa, lakini nitasema wazi ili asiwepo wa kujificha nyuma ya mfano. Ghala ni lile mnalokodi mbali, kwenye mashine za watu msiowaona, mnakotunza kumbukumbu za ofisi zenu. Kuziweka ni rahisi, na ndiyo bei mnayotangaziwa. Makuli ni mashine zinazoamka kila mtu anapouliza, na mnalipia kila wanachogusa, si kile mnachohitaji. Mlinzi bado yupo getini, na bado kukadiria ni bure: mashine itakwambia itagusa kiasi gani kabla hujauliza. Tusekile ni yule binti wa takwimu mliyemfungia nywila wiki iliyopita kwa sababu “anauliza sana”. Na lile boksi la sabuni ni ripoti zinazojiendesha zenyewe kila asubuhi na kila jioni, mwaka wa tatu sasa, kwa ajili ya mkubwa ambaye hajawahi kuzifungua.

Msituambie kwamba gharama imepanda kwa sababu watu wanataka kujua. Kujua hakujawahi kukifilisi chama. Kilichowafilisi ni mpunga uliorundikwa ovyo na mtu mkubwa aliyeona haya kuuliza bei. Mkimnyamazisha mjane mtapunguza laki moja na elfu ishirini, na bati litaendelea kuvuja, na milioni moja na laki mbili itakuja tena mwisho wa mwezi, imevaa suti.

Kwa hiyo sina mahubiri zaidi. Nina ombi. Kesho, kabla ya chai ya saa nne, chukueni ankara ya mwezi huu, waiteni wale mliowakataza kuuliza, na muisome mbele yao kwa sauti, mstari kwa mstari, pamoja na majina.