Shukrani Haingoji Kilele

Shukrani haingoji kilele. Ndivyo alivyosema yule mama aliyetugawia uji asubuhi, aliposikia baadhi yenu mkisema mtamshukuru kambi ikiisha. Mkacheka, kisha mkaniuliza neno hilo limetoka wapi, maana wengine huku kwetu hulisema kila siku bila kujua mwanzo wake. Mimi nililipata kwa watu waliokuwapo, nami nitawapa kama nilivyopewa. Sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na seremala hapa kwetu Tukuyu, jina lake Anyitike. Aliimba besi katika kwaya ya usharika, na mabenchi yale ya mbele mnayogombania siku za ubarikio ni kazi ya mikono yake. Siku moja akiwa juu ya paa la kanisa akipigilia mbao, ubao aliokanyaga ulikatika, akaanguka juu ya mawe. Mgongo uliumia vibaya. Kwa muda mrefu akawa mtu wa kugeuzwa kitandani kama mtoto mchanga, na madaktari hawakumwahidi kitu.

Katika hali hiyo aliweka nadhiri. Mama yake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, alikuwa Mkinga wa kijiji cha Nyalumbwe, ng'ambo ya uwanda wa Kitulo. Juu ya kijiji hicho kuna kilele, na juu ya kilele kuna kanisa dogo la mawe ambamo mama huyo alibatizwa. Anyitike aligeuzia uso wake ukutani akasema, "Bwana, ukinisimamisha tena, nitakwenda mpaka kileleni Nyalumbwe, nikushukuru kwenye madhabahu ya mama yangu."

Basi akasimama. Kwanza kwa fimbo, kisha bila fimbo, kisha akarudi kwenye randa na msumeno wake. Siku alipoweza kupanda pikipiki yake na kuzunguka mji mzima bila mgongo kumlilia, aliwaita rafiki zake wawili akawaambia kwamba wakati umefika.

Wa kwanza alikuwa Lusekelo, fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache. Wa pili alikuwa Subilaga, bibi shamba, mshauri wa wakulima, ambaye kazi yake ilimtaka azunguke milimani kwa pikipiki mvua na jua, na hakuna mwanamume ambaye angeweza kumfundisha kuendesha kwenye utelezi. Wote walikuwa wanakwaya. Hao ndio waliokwenda kumwimbia kitandani kila Jumapili baada ya ibada, hata siku alizowafukuza kwa uchungu.

"Nadhiri yako ni yetu," Subilaga alimwambia. "Hatukuacha uumwe peke yako, kwa nini ushukuru peke yako?"

Wakajiandaa. Anyitike alifunga nyuma ya pikipiki yake mfuko wa mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi, kwa kuwa baridi ya Ukinga haioteshi mpunga wala migomba, na hiyo ndiyo iliyokuwa sadaka yake ya madhabahuni. Asubuhi waliomba pamoja uani kwa Lusekelo, kofia za kuendeshea zikiwa mikononi, kisha wakawasha pikipiki.

Barabara ya kwenda Kitulo inapanda kama mtu anayepanda ngazi. Waliacha migomba, wakaingia kwenye viazi na pareto, halafu mianzi, halafu ukungu. Baridi iliingia kwenye mikono ya makoti. Walipotokeza juu, ukungu ulifunguka ghafla, na uwanda wote ukawa mbele yao, maua ya manjano na ya zambarau mpaka macho yanapoishia.

Subilaga alisimamisha pikipiki. "Jamani, tushuke kidogo. Tumshukuru Mungu kwa hili."

Anyitike hakuzima injini. Alitazama mawingu, akatazama njia. "Tutashukuru tukifika, dada. Shukrani yangu ina mahali pake."

Wakaendelea. Mbele kidogo mnyororo wa pikipiki ya Lusekelo ulikatika, na mchungaji mmoja wa ng'ombe aliyekuwa karibu akaacha mifugo yake, akaenda kwake, akarudi na kipande cha mnyororo wa zamani ambacho Lusekelo alikiungia palepale. Lusekelo na Subilaga walikaa na mtu yule wakaulizana habari za ukoo. Anyitike alikuwa tayari juu ya pikipiki. Penye kibanda cha mwisho kabla ya mteremko, mwanamke alitoka na birika la chai ya moto akawapa bila kuombwa. Anyitike alikunywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe, akaguna kitu kisichosikika vizuri. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Moyo wake ulikuwa umejaa, lakini alikuwa ameufunga kama ule mfuko wa mchele, akiogopa kitu kisimwagike njiani.

Mvua iliwakuta wakiwa wanateremka upande wa Ukinga. Kilele cha Nyalumbwe kilikuwa kinaonekana sasa, na kanisa juu yake, dogo kama jiwe la figa. Upande wa kulia ulikuwa ukuta wa mlima, upande wa kushoto bonde. Anyitike alikuwa mbele, Lusekelo akimfuata, Subilaga nyuma. Anyitike alisikia sauti kama ya lori linalomwaga mchanga. Akageuka. Pale alipokuwa Subilaga hapakuwa na Subilaga wala barabara. Ukuta wa mlima ulikuwa umeteremka.

Walitupa pikipiki chini wakakimbia. Chini ya ukingo, udongo mwekundu ulikuwa bado unatembea polepole, na katikati yake waliona kofia nyeupe. Subilaga alikuwa amezama mpaka kifuani, amekwama kwenye shina la msonobari, mguu mmoja ukiwa umebanwa na pikipiki chini ya tope. Alikuwa hai. Alikuwa anawatazama.

"Msishuke wote," alisema kwa sauti ndogo. "Udongo huu bado haujatulia."

Lusekelo alikimbia kupanda mlima, akipiga kelele kuita watu. Anyitike alishuka kwa tumbo akishika mizizi, mpaka akamfikia. Alianza kuchimba kwa mikono, na kila alichotoa kilirudi. Akajaribu kumvuta, mgongo wake ukamkata kama panga, akaanguka karibu naye akihema. Seremala aliyezoea kubeba magogo hakuwa na la kufanya ila kumshika rafiki yake kichwa kisizame.

"Nimekuua, dada," alisema. "Ni mimi niliyewaharakisha."

"Bado sijafa," Subilaga alisema. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi. "Imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Nilikuimbia wewe ulipokuwa hutaki."

Anyitike akaanza, besi peke yake, wimbo wa Zaburi wanaouimba siku za mavuno. Sauti ilikuwa mbovu. Subilaga alishika sauti yake ya pili pale alipoweza, na pumzi ilipomwishia alinyamaza, naye Anyitike akaendelea kwa niaba ya wote wawili. Ndivyo watu wa mashambani walivyowapata, maana mvua na ukungu vilificha mahali, lakini wimbo ulisikika.

Walikuja watu wengi, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wakichuma pareto upande wa juu. Walikuja na majembe na kamba za kufungia kuni. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mtu mzima aitwaye Mama Tweve, mwembamba, amejifunga kitenge kiunoni. Hakuuliza maswali. Aliwapanga mstari, huyu achimbe, huyu apokee, huyu atupe, na alipoona udongo unarudi aliwaagiza wakate mianzi wajenge kizuizi. Walichimba mpaka mikono ikachubuka. Mwisho pikipiki ilinyanyuliwa kwa miti, mguu ukaachiwa, na Subilaga akavutwa juu kwa kamba, amejaa udongo mwili mzima. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Ulifungwa kwa vipande vya mianzi, na Mama Tweve alivua blanketi lake la mgongoni akamfunika.

Waliingia wote katika kibanda cha kuanikia pareto kando ya barabara, wakawasha moto. Kijana mmoja alitumwa kwenda kuita gari kijijini upande wa mbele, kwa sababu nyuma barabara ilikuwa imekatika kabisa. Watu walikuwa wamelowa, wana njaa, na kazi yao ya siku ilikuwa imepotea. Hakuna aliyelalamika. Walikaa wakikausha mikono.

Hapo Anyitike alitoka nje. Alifungua mfuko wa mchele kwenye pikipiki yake, akautia begani juu ya mgongo ule mbovu, akatazama kilele. Kwa miguu, kwa kukata porini, angeweza kufika kabla jua halijazama. Akarudi mlangoni kuaga.

"Lusekelo, baki na dada mpaka gari lije. Mimi napanda. Nikitimiza nadhiri yangu nitashuka."

Lusekelo hakumtazama. "Nenda," alisema.

Mama Tweve aliinua kichwa kutoka kwenye moto. "Unakwenda wapi, baba?"

"Kanisani kule juu, mama. Kumshukuru Mungu."

"Kwa lipi?"

"Nilivunjika mgongo. Akanisimamisha."

"Ni jambo kubwa," alisema mama yule. "Na kwa huyu binti?"

"Nitashukuru kwa yote huko juu."

Mama Tweve alisukuma kuni motoni. "Nimebatizwa kanisa hilo. Nimekipanda kilima hicho tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Ni pazuri. Lakini niambie, tulipokuwa tunachimba pale chini, wewe ulikuwa unamwimbia nani?"

"Mungu."

"Alikuwa anakusikia akiwa wapi?"

Anyitike aligeuka. Alitazama watu wale. Aliona mikono iliyochubuka ikielekezwa motoni, akaona mama mtu mzima anayetetemeka kwa kuwa blanketi lake lilikuwa limemfunika mgeni. Akamwona Subilaga, uso wake umefanya mistari mahali machozi yalipoosha udongo, naye akimtazama bila lawama yoyote. Akamkumbuka mchungaji wa ng'ombe, ambaye yeye hakumwuliza hata jina, na mwanamke wa chai. Kote huko Mungu alikuwa amemfungulia mkono, naye akapita kama mtu anayewahi kwenda kukutana na Mungu.

Akashusha mfuko begani. Alipiga magoti pale kwenye sakafu ya udongo, na mgongo ule mbovu safari hii ukainama bila maumivu.

"Ndaga," alishukuru kwa lugha ya baba yake. Kisha akaona kuwa haitoshi. Akaenda kwa kila mmoja, akamshika mikono, akamwuliza jina lake, akamshukuru kwa jina hilo. Alipofika kwa Subilaga alishindwa kusema. Subilaga alimshika shavu kwa mkono wenye udongo akasema, "Nimesikia."

Halafu akauliza kama kuna sufuria. Ililetwa sufuria kubwa ya kuchemshia viazi. Mchele wa madhabahuni ukapikwa, ndizi zikachomwa kwenye majivu, na wazee wawili ambao walikuwa hawajala wali tangu Krismasi waliupuliza vidoleni wakicheka kama watoto. Kabla ya kula, Mama Tweve alimwomba Anyitike aombe. Hakuomba maombi marefu. Alisema tu, "Bwana, ulinisimamisha. Asante. Umemtoa Subilaga. Asante. Hawa hapa ndio mikono yako." Wakaitikia amina, na yule besi na yule fundi na yule dada aliyelala chini ya blanketi wakaimba tena wimbo wa mavuno, safari hii sauti zote zikiwa mahali pake, na Wakinga wakaushika kwa lugha yao.

Gari lilipofika lilimchukua Subilaga mpaka hospitali. Mguu uliungwa, ukapona.

Jumapili moja baadaye, Anyitike aliposimama usharikani kutoa ushuhuda, mchungaji alimwuliza mbele ya watu kama alifika kileleni akaondoa nadhiri yake.

"Nadhiri niliiondoa, mchungaji," alijibu. "Kileleni sikufika."

Watu walinong'ona. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kwa sauti inawezekanaje, kwani mtu akimwahidi Mungu mahali, si lazima afike mahali hapo?

Anyitike alimgeukia. "Nilidhani hivyo, mzee wangu. Nilibeba shukrani toka hapa kama mzigo wa watu, nisiufungue njiani. Nikawapita wote walionifaa. Kumbe Mungu alikuwa ameshuka kunipokea chini, na mimi nataka kumpita nikamtafute juu. Shukrani haingoji kilele."

Lilianzia hapo. Wanakwaya walilitoa kanisani, wakalipeleka sokoni, na vibarua wa pareto nao walikuwa wakilisema kwao kwa namna yao. Kiangazi kilichofuata, barabara ilipokwisha kutengenezwa, wale watatu walirudi. Walisimama kwenye maua, wakasimama kwa mchungaji wa ng'ombe wakamjua jina, wakasimama kwa mwanamke wa chai wakamletea ndizi, na kwa Mama Tweve walishinda. Walipolifikia lile kanisa la mawe, shemasi aliyewangoja tangu asubuhi aliwaambia wamechelewa sana. Anyitike alicheka akamwambia hapana, mzee, tumekuwa ibadani siku nzima.

Basi vijana wangu, yule mama wa uji bado yuko jikoni anaosha vikombe. Kambi haijaisha, wala haina haja ya kuisha kwanza. Shukrani haingoji kilele.