Mfinyanzi na Mkewe Katika Soko la Maharamia

Wametuhadithia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika zama za Warumi, maharamia walipokuwa wakizoa watu pwani za Wayunani kama dagaa, alikuwako mfinyanzi mchamungu, jina lake Zosimo, mfuasi wa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Akatekwa pamoja na mkewe, Makrina, wakapelekwa kisiwani penye soko la watumwa.

Sheria ya soko lile ilikataza kuuza muungwana. Aliyemnunua kwa kujua alishtakiwa kwa kadhi, kwa hiyo kila mnunuzi alimuuliza mtumwa mwenyewe asili yake.

Mkuu wa maharamia akamwita Zosimo kando. "Sikia, mfinyanzi. Sema mmezaliwa utumwani, nami nitawauza nyumba moja. Ukisema vingine, hutamwona mkeo tena."

Zosimo akaingiwa na hofu, kwani tangu aoe hakuwahi kula chakula cha jioni bila Makrina. Tajiri mmoja akaja, akamuuliza, "Ulizaliwa mtumwa?"

Zosimo akamwomba Mola subira, kisha akasema, "La, bwana. Mimi ni muungwana, nimeibwa kwangu."

Tajiri yule akatoka mbio, utadhani kaona nyoka. Haramia akafura kwa hasira, akamburura Makrina hadi upande wa pili wa soko. Zosimo akalia kwa sauti, wala hakuona haya.

Punde kikasikika kicheko kule. Haramia akarudi jasho likimtiririka, Makrina nyuma yake. Bibi huyo naye alikuwa ameulizwa, akasema kweli, tena soko zima likasikia, maana Mola alikuwa amemjalia sauti. Wanunuzi walicheka hadi wakashika mbavu, na askari wa soko wakaanza kusogea.

"Ondokeni!" haramia akafoka, akizikata kamba walizofungwa. "Mtanifungisha nyinyi!" Akatimua mbio kuelekea merikebuni.

Wakakumbatiana palepale, furaha imewajaa hadi machozi.

"Nisamehe, mke wangu," Zosimo akasema. "Nilijua nikisema kweli nitakupoteza."

"Hata mimi. Aliniahidi kwamba nikidanganya atanirudisha kwako."

"Nawe ukakataa?"

"Ningekurudia kwa uso gani?"

Ndugu zangu, si kila mkweli hufunguliwa kamba siku ileile. Wapo waliovumilia hadi kaburini, na ujira wao uko kwa Mola. Lakini kuna siku Yeye hutuonjesha furaha hiyo hapa hapa duniani. Basi tumshukuru.